Kadi ya grafiki ya mtumba inapogoma: mwongozo kamili wa kutafuta tatizo

Mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum ulipobadili mfumo wake tarehe 15 Septemba 2022, kadi za grafiki zilizokuwa zikichimba sarafu hiyo (kufanya hesabu za mtandao ili mwenye kadi alipwe sarafu) usiku na mchana zilikosa kazi ghafla, na nyingi zikaishia sokoni. Kwa hiyo anayenunua kadi ya mtumba leo, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam, Luthuli Avenue ya Nairobi au kwa mtu aliyetangaza mtandaoni, ajue kwamba RX 570 au RX 580 ya AMD, GTX 1060 au GTX 1660 Super ya Nvidia aliyoishika huenda ilifanya kazi miezi na miaka bila kupumzika. Hilo peke yake si sababu ya kuikimbia. Chipu yenyewe huvumilia sana. Vinavyochoka mapema ni feni, pesti ya joto (inayopitisha joto kutoka kwenye chipu hadi kipoza) na wakati mwingine kumbukumbu.

Kazi inaanza pale unapoifikisha nyumbani, unaichomeka, na skrini inabaki nyeusi. Wengi hukata shauri papo hapo kwamba kadi ni mbovu na muuzaji ni tapeli. Mimi nasema subiri. Kati ya kadi na picha unayoisubiri kuna pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), nyaya, sloti (mahali kadi inapochomekwa), bayosi (programu ya msingi inayoamsha kifaa), draiva (programu inayoiunganisha kadi na Windows) na monita, na kimoja chochote kikikwama dalili huwa ileile. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na yasiyogharimu hata senti, unabadilisha kitu kimoja kimoja, na kuifungua kadi yenyewe kunakuja karibu na mwisho. Ukibadilisha draiva, waya na pawasaplai kwa mpigo mmoja, hata mambo yakikaa sawa hutajua kilichokuwa kinasumbua, na kesho kikirudi utaanza upya.

Andaa bisibisi ya nyota, raba ya kufutia penseli, brashi laini, alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, flashi ya USB, na kompyuta ya pili ya kuazima. Hiyo kompyuta ya pili ina thamani kuliko programu zote nitakazozitaja. Kadi inayogoma kwako na kukubali kwa jirani imeshakujibu nusu ya swali.

Hatua ya 1: Iangalie vizuri kabla ya kuichomeka

Ipeleke penye mwanga. Anza na meno ya dhahabu yanayoingia kwenye sloti. Yakiwa na ukungu mweusi, yasugue taratibu kwa raba, kisha yapanguse kwa kitambaa chenye alkoholi na uache yakauke. Kwa wanaoishi Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja, hatua hii si ya kurukwa. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na kadi iliyokaa stoo bila kufungwa huota kutu ya kijani kwenye miguu ya vipande vidogo na ndani ya soketi za HDMI. Kutu ya juujuu hutoka kwa brashi na alkoholi. Iliyokwisha kula njia za shaba haitoki.

Karibu na meno hayo kuna vipande vidogo vya kahawia, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Kadi ikigongwa wakati wa kuichomeka au kuirundika na nyingine, vipande hivi hung'oka, na kadi inaweza kukataa kuonekana kabisa. Pengo safi, lenye lehemu laini, kwa kawaida limeachwa hivyo kiwandani. Pengo lenye mikwaruzo ni la kutilia shaka.

Angalia pia skrubu nne zinazozunguka chipu upande wa nyuma. Zikiwa zimechubuka, kadi imeshafunguliwa. Huenda mtu alibadilisha pesti tu, huenda ilichomwa kwa hewa ya moto ikafufuka kwa muda. Muulize muuzaji, na usikilize anavyojibu. Kisha inuse. Harufu ya kitu kilichoungua haifichiki kirahisi.

Hapo hapo chunguza kama unachokishika ndicho ulichouziwa. Kadi za Nvidia za familia ya GTX 10 hazitoi tena mawimbi ya VGA, kwa hiyo ukiona "GTX 1050 Ti" yenye tundu la bluu la VGA, kuna uwezekano mkubwa ni kadi ya zamani, kama GTS 450 au GTX 550 Ti, iliyobadilishwa jina ndani ya bayosi yake. Na ukiona kadi isiyo na tundu hata moja la kuchomeka monita, hiyo ni ya uchimbaji, mfano P106-100. Chipu yake ni ndugu wa GTX 1060, lakini haikuundwa kutoa picha, basi usipoteze jioni nzima ukitafuta kwa nini haionyeshi.

Hatua ya 2: Umeme, hapa usiharakishe

Kama ningeruhusiwa kuangalia kitu kimoja tu kwenye kompyuta yenye kadi inayosumbua, ningeangalia pawasaplai. Wengi wetu tunachomeka kadi hizi kwenye kompyuta za ofisi zilizokwisha kutumika Ulaya na Marekani, Dell OptiPlex na HP za aina hiyo. Ni mashine imara, ila zilitengenezewa kuandika barua na kujaza majedwali. Zile nyembamba huwa na pawasaplai ya Wati 240 hivi, hazina plagi ya ziada ya kadi, na nyingi hutumia plagi zisizo za kawaida za mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), kwa hiyo huwezi kubadilisha pawasaplai bila kutafuta waya wa kuunganishia.

Hesabu zake ni hizi. Sloti yenyewe hutoa hadi Wati 75. Plagi ya pini 6 huongeza Wati 75, na ya pini 8 huongeza Wati 150. GTX 1050 Ti inakula Wati 75, kwa hiyo nyingi zinaishi kwa umeme wa sloti pekee. GTX 1060 inakula Wati 120, GTX 1660 Super Wati 125, RTX 3060 Wati 170 na RX 580 Wati 185. Kwa RX 580, AMD wanashauri pawasaplai ya Wati 500. Ukiichomeka kwenye mashine ya Wati 240 itawaka, itaonyesha dawati la Windows, na utadhani umefanikiwa. Fungua gemu, kompyuta inazimika. Kadi haina kosa hapo.

Usiamini namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Soma jedwali dogo, mstari wa volti 12, uone ampea zake, uzidishe kwa 12. Pawasaplai yenye "500W" kwa maandishi manene lakini ampea 18 kwenye volti 12 inakupa Wati 216 tu kwa ajili ya prosesa na kadi pamoja. Hiyo ni ya kuiweka pembeni.

Sasa mambo matatu ya hatari. La kwanza, waya wa kugeuza plagi ya SATA kuwa pini 6. Plagi ya SATA imekusudiwa kubeba Wati 54 hivi kwenye volti 12, nayo kadi inaweza kuvuta 75 kupitia pini 6. Waya hupata moto, plastiki huyeyuka, na nyumba zimewahi kuungua kwa mambo madogo kuliko hayo. La pili, plagi ya pini 8 ya prosesa inafanana na ya kadi, ila upande wa volti 12 na upande wa ardhi vimepishana. Maumbo ya pini hayalingani, kwa hiyo ukiona unalazimika kusukuma kwa nguvu, acha. Ya kadi mara nyingi imegawanyika 6 na 2, ya prosesa 4 na 4. La tatu, kwa pawasaplai zenye nyaya za kuchomoa, usitumie nyaya za pawasaplai nyingine hata kama zinaingia. Hakuna utaratibu mmoja wa watengenezaji kwa upande ule, na waya usio wake unaweza kuua kadi ndani ya sekunde.

Mwenye mita ya umeme apime volti 12 kompyuta ikiwa inafanya kazi ngumu. Inatakiwa kubaki kati ya 11.4 na 12.6. Ikishuka chini ya hapo gemu linapopamba moto, mgonjwa umeshampata.

Hatua ya 3: Inawaka lakini hakuna picha

Zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, na uguse chuma cha kasha kabla ya kushika chochote.

Kwanza hakikisha waya wa monita umechomekwa kwenye kadi, usiwe kwenye tundu la mazabodi. Ni jambo dogo, na linawapata hata waliozoea. Kama monita yako ni ya VGA, ile chomeko nyepesi ya kugeuza DVI kuwa VGA haitafanya kazi kwenye kadi mpya, kwa kuwa haina mawimbi hayo ya kugeuza. Unahitaji kigeuzi chenye chipu ndani yake, kutoka HDMI au DisplayPort. Jaribu kila tundu la kadi, maana tundu moja linaweza kufa na mengine yakabaki mazima.

Chomoa kadi, puliza sloti, irudishe mpaka klipu ya mwisho ilie. Kadi nzito huinamia chini kwa uzito wake, na upande mmoja wa meno ukainuka kidogo tu, picha inapotea. Ikiwa mazabodi ina sloti ndefu nyingine, jaribu huko.

Feni zisikutishe. Kadi nyingi za miaka ya karibuni husimamisha feni zikiwa baridi, kwa hiyo feni isiyozunguka kwenye dawati la Windows si ugonjwa. Feni inayokimbia kwa kasi yote tangu unapowasha na haipungui, hiyo ndiyo dalili. Mara nyingi kadi haijapata umeme wa plagi ya ziada, au bayosi yake imeharibika.

Halafu kuna ugomvi wa vizazi. Kadi za zamani sana hazina sehemu ya bayosi inayoelewana na UEFI, yaani bayosi ya kisasa. Mazabodi mpya ikiwa imezima CSM (hali ya kukubali vifaa vya zamani) na kuwasha Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha), kadi hiyo haitatoa picha mpaka Windows ianze, au haitatoa kabisa. Ingia kwenye bayosi kwa kutumia grafiki ya ndani ya prosesa, washa CSM, jaribu tena. Kinyume chake pia kipo: mazabodi ya zamani yenye bayosi isiyosasishwa inaweza kuikataa kadi mpya. Tafuta sasisho la bayosi kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, na usilifanye bila UPS (betri ya akiba ya kompyuta).

Kufuta mipangilio ya bayosi husaidia pia: toa betri ya CR2032 dakika tano, irudishe. Na kumbuka prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, pamoja na Ryzen nyingi za kabla ya familia ya 7000 zisizo na herufi G, hazina grafiki ya ndani. Ukiwa na moja ya hizo, skrini nyeusi bila kadi si ushahidi wa chochote.

Ikigoma bado, ipeleke kwenye ile kompyuta ya kuazima. Ikigoma na huko, nenda moja kwa moja hatua ya 8. Ikikubali huko, tatizo lako lina anwani: pawasaplai, sloti au bayosi ya mashine yako.

Hatua ya 4: Je, kompyuta inaitambua?

Ukiwa na picha, hata kwa grafiki ya ndani, fungua Device Manager na uangalie sehemu ya grafiki. Jina la jumla la "Microsoft Basic Display Adapter" linamaanisha Windows imeiona kadi ila haina draiva. Kutokuwepo kabisa kunamaanisha haijaonekana, rudi hatua ya 3.

Njia ninayoipenda zaidi ni kuwasha kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, bila kuisakinisha, na kuandika lspci -nn kwenye dirisha la amri. Hapo Windows na draiva zake zote zimewekwa kando. Namba ya mtengenezaji 10de ni Nvidia, 1002 ni AMD. Kadi ikitajwa hapo, ujue mawasiliano ya msingi yapo.

Kisha pakua GPU-Z kutoka TechPowerUp. Ni ndogo, ni ya bure, na inaanika mengi. Linganisha idadi ya viini vya hesabu (Shaders) na unachokitarajia: RX 580 kamili ina 2304, na ile iliyotengenezwa kwa soko la China, inayoitwa 2048SP, ina 2048 kama RX 570. GTX 1060 ya GB 6 ina 1280, ya GB 3 ina 1152. GTX 1050 Ti ina 768. Tangu toleo la 2.12 la mwaka 2018 programu hii inaweza pia kutambua kadi nyingi bandia za Nvidia na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Ukiliona neno hilo, acha kutengeneza. Rudi kwa muuzaji siku hiyohiyo.

Ukiwa hapo bonyeza mshale mdogo na uhifadhi nakala ya bayosi ya kadi kwenye flashi. Hugharimu dakika moja, na utaishukuru nakala hiyo kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Draiva, na bayosi iliyochezewa

Draiva ya kadi iliyotangulia ikibaki kwenye mfumo huleta vurugu za ajabu. Pakua draiva mpya ya kadi yako kwanza, ihifadhi, pakua na programu iitwayo Display Driver Uninstaller, halafu kata intaneti ili Windows isikimbilie kuweka draiva yake. Ingia Safe Mode, futa draiva zote za grafiki kwa programu hiyo, washa upya, sakinisha ile uliyoihifadhi, kisha rudisha intaneti.

Chagua draiva kwa umri wa kadi. Nvidia walitangaza kwamba tawi la 580 ndilo la mwisho kwa kadi za Maxwell na Pascal, yaani GTX 900 nyingi na GTX 10 zote. Baada ya Oktoba 2025 zinabakiziwa masasisho ya usalama tu, hadi Oktoba 2028. Kepler, mfano GTX 660 na 760, ilifikia ukomo kwenye tawi la 470. Kadi hiyo ukiilazimishia draiva ya leo itakataa, na kukataa huko hakumaanishi imekufa.

Kosa namba 43 kwenye Device Manager ndilo linalowanyima watu usingizi. Maana yake draiva ilijaribu kuiamsha kadi ikashindwa. Sababu inaweza kuwa draiva yenyewe, kumbukumbu iliyoharibika, au bayosi iliyobadilishwa. Kwa RX 470, 480, 570 na 580 naanza kushuku bayosi. Wachimbaji walikuwa wakibadilisha nyakati za kumbukumbu ndani yake ili wapate sarafu zaidi, na draiva ya AMD kwenye Windows hukagua sahihi ya bayosi. Ikikuta imeguswa, inagoma.

Baadhi ya kadi, kama Sapphire Nitro+, zina swichi ndogo juu inayobadilisha kati ya bayosi mbili. Zima kompyuta, isogeze upande wa pili, washa. Mara nyingi upande mmoja ulibaki bila kuguswa, na tatizo linaishia hapo. Kama haina swichi, itakubidi uandike bayosi ya asili. Mkusanyiko wa TechPowerUp una maelfu ya bayosi, lakini lazima ifanane na kadi yako kwa kampuni, modeli, ukubwa wa kumbukumbu na mtengenezaji wa chipu za kumbukumbu: Samsung, Hynix, Micron au Elpida. GPU-Z inakuonyesha jina hilo. Ukiweka ya Samsung kwenye kadi yenye Elpida utapata madoadoa au skrini nyeusi. Fanya hivi ukiwa na UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi inabaki bila bayosi, na kuirudisha kunahitaji fundi mwenye kifaa cha kuandika chipu moja kwa moja.

Hatua ya 6: Picha ipo, ila ina mistari na madoadoa

Jaribio la kwanza ni la bure. Madoa yakiwepo, piga picha ya skrini kwa kitufe cha Print Screen, itume kwenye simu, iangalie huko. Yakionekana kwenye simu, yanatoka kwenye kadi. Picha ikiwa safi, shuku waya, tundu au monita. Usiharakishe kununua chochote kabla ya jaribio hili.

Kisha tazama yanaanza lini. Yakionekana tangu nembo ya mtengenezaji inapotokea, kabla Windows haijaanza, ni maradhi ya kifaa chenyewe: chipu ya kumbukumbu, au lehemu ya chini yake. Yakianza baada ya draiva kuingia, rudia hatua ya 5 kwanza. Yakianza baada ya dakika kumi za gemu, nenda kwenye joto.

Tumia programu ya MSI Afterburner kupunguza kasi ya kumbukumbu kwa MHz 100, kisha 200. Madoa yakipungua au kutoweka, kumbukumbu imechoka. Kadi hiyo bado inaweza kuishi miaka kwa kasi hiyo ya chini, na kwa mtu anayehariri video za harusi au kucheza gemu za kawaida tofauti ni ndogo. Programu ya OCCT ina jaribio la kumbukumbu ya kadi; liache lizunguke nusu saa. Kosa hata moja ni ushahidi.

Hatua ya 7: Inazimika au kuganda ikifanya kazi

Tofautisha aina mbili. Kompyuta nzima ikizimika au kujiwasha upya kama umeme umekatika, na Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ikaandika Kernel-Power 41, shuku umeme. Skrini ikawa nyeusi kidogo kisha ikarudi, na kukaandikwa tukio 4101, hiyo ni draiva iliyokosa majibu. Windows huisubiri kadi sekunde 2 tu kabla ya kuikatia tamaa na kuiamsha upya.

Kwa ile ya kwanza kuna jaribio zuri. Kwenye Afterburner shusha ukomo wa umeme wa kadi hadi asilimia 70, kisha cheza lile gemu linaloiangusha. Ikitulia, pawasaplai inazidiwa, au waya wake una mguso mbaya. Rudi hatua ya 2.

Kwa joto, washa programu ya HWiNFO na uangalie namba huku ukiendesha jaribio la grafiki la Unigine Heaven au Superposition. Mimi huanza na hizi kabla ya FurMark, ambayo inaibana kadi kuliko gemu lolote. Ukiitumia, dakika kumi zinatosha na usiondoke mbele ya skrini. Kadi za Pascal huanza kujipunguza kasi kwenye nyuzi 83 hivi. Kumbukumbu za GDDR6X, kama za RTX 3080, hujipunguza zikifika 110. Chumba cha Dar es Salaam mwezi Januari kina nyuzi 32, kwa hiyo usijilinganishe na mtu anayetoa namba zake akiwa Ulaya wakati wa baridi. Kinachotia wasiwasi ni joto linaloruka kutoka 45 hadi 85 ndani ya sekunde chache, maana yake pesti imekauka na kipoza hakigusi chipu vizuri.

Kubadilisha pesti, iwashe kadi dakika tano kwanza ili pesti ya zamani ilainike. Zima, toa, piga picha pande zote, fungua skrubu. Zungusha kipoza kulia na kushoto taratibu mpaka kiachie, usikivute, na angalia waya wa feni usikatike. Pedi za kijivu zilizo juu ya kumbukumbu zipime unene kabla ya kuzibadilisha, kwa sababu hutofautiana kati ya nusu milimita na milimita tatu. Ukiweka nene kupita kiasi, kipoza kitakaa juu ya pedi badala ya chipu, na joto litapanda kuliko mwanzo. Ikiwa pedi ni nzima na laini, ziache. Safisha chipu kwa alkoholi, weka pesti ya kufunika uso wote kwa utando mwembamba, kaza skrubu kwa kupishana pembe na pembe, kidogo kidogo.

Feni inayolia au kuyumba ibadilishe. Ni bei ndogo ukilinganisha na kadi, na kwa kadi zilizochimba sarafu ni karibu lazima. Wakati unaisubiri, feni mbili za kasha za milimita 120 zilizofungwa kwa nyuzi za plastiki na kuunganishwa kwenye mazabodi zitaitunza kadi vizuri.

Hatua ya 8: Kadi imegoma kila mahali

Ukiwa na mita, kadi ikiwa mezani, weka mita kwenye kipimo cha ukinzani. Gusa pini ya volti 12 ya plagi ya ziada na pini ya ardhi. Ukisoma karibu na sifuri, kuna shoti kwenye njia ya umeme, na usiichomeke tena popote. Usitishwe na ukinzani mdogo wa ohm moja au chini kwenye koili za chipu yenyewe. Chipu kubwa ziko hivyo zikiwa nzima. Pima fyuzi ndogo zilizo karibu na plagi, mita inatakiwa ilie. Fyuzi iliyokatika kwa kawaida ilikatika kwa sababu ya shoti mbele yake, kwa hiyo kuweka waya mahali pake ni kualika moto.

Kuhusu kuioka kadi kwenye oveni: usifanye. Joto hilo hurudisha mguso uliolegea ndani ya chipu kwa siku au wiki, kisha ugonjwa hurudi mbaya zaidi, na moshi wa lehemu na plastiki unabaki kwenye oveni unayopikia watoto. Ndiyo maana pia kadi inayouzwa bei ya kutupa kwa maelezo kwamba "imetoka kwa fundi juzi" inastahili majaribio ya saa nzima kabla hujalipa.

Fundi wa kweli hutumia mashine ya hewa ya moto na darubini, hupima kabla ya kuchoma, na hukueleza ni chipu gani anayoibadilisha. Shoti ya njia ya umeme na kumbukumbu moja iliyokufa ni kazi zinazolipa kwenye kadi kama RTX 3060. Kwa RX 570 gharama hiyo mara nyingi inakaribia bei ya kadi nyingine nzima. Na chipu kuu ikiwa imekufa, usitie pesa hapo, kadi iwe ya bei gani.

Kabla ya kumrudia muuzaji, andaa ushahidi: picha ya GPU-Z, video ya kadi ikigoma kwenye kompyuta mbili, na namba ya kadi iliyo kwenye lebo ya nyuma, ili asije akasema umebadilisha. Zungumza naye kwa upole na uanze na ulichokipima. Wauzaji wengi hukubali kubadilisha wakiona umefanya kazi yako. Na safari ijayo mkubaliane siku za majaribio kabla ya fedha kutoka, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu.

Iliyoshindikana kabisa usiitupe. Kipoza na feni zake vina wateja, na mafundi hununua kadi mbovu kwa ajili ya vipuri. Bandika karatasi juu yake yenye dalili, kompyuta ulizoijaribia na vipimo vya mita, uiuze kama mbovu, na fundi atakayeichukua atajua aanzie wapi.